Kofi la Pili

Mkaaji wa Kigali hujifunza mapema kwamba sauti ina uvivu wake. Simama kilimani Rebero asubuhi tulivu utazame ng'ambo ya bonde: fundi anashusha nyundo juu ya bati, anaiinua tena, na hapo ndipo mlio wa pigo la kwanza unapokufikia. Sauti hutembea mita mia tatu na arobaini hivi kwa sekunde, kwa hiyo bonde la upana wa kilomita moja huila karibu sekunde tatu. Hakuna anayeshangaa. Jicho limekwisha kuona, sikio linafuata kwa kuchelewa, na akili inawapatanisha bila hata kukuomba ruhusa.

Mchukue sasa mtu huyohuyo umketishe sebuleni Nyamirambo, mbele ya video ya harusi ya bintiye. Sauti ikitangulia picha kwa muda mfupi tu, hata jicho halijamaliza kupepesa, atamgeukia aliyeileta: "Mwanangu, mbona huyu mzee anaongea kabla hajafungua mdomo?" Hajui fremu ni kitu gani wala hajali. Ameona jambo ambalo hajawahi kukutana nalo maisha yake yote, mlio uliofika kabla ya pigo.

Mwaka 1998 shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilitoa pendekezo lake nambari BT.1359 lililoweka mipaka ya jambo hili kwa tarakimu. Sauti ikitangulia picha, mtazamaji huanza kugundua kwenye milisekunde 45. Ikichelewa, hagundui mpaka ifike milisekunde 125. Video ya fremu 25 kwa sekunde, ambayo ndiyo ya kwetu, huipa kila fremu milisekunde 40. Basi sauti ikiwahi kwa fremu moja na chembe, umekamatwa. Ikichelewa kwa fremu tatu, bado unapumua. Mhariri mzoefu anayesitasita kati ya fremu mbili huchagua ile inayoichelewesha sauti, na wengi wao hufanya hivyo bila kujua kwamba kuna shirika huko Geneva lililowahi kuandika namba hizo.

Sherehe ya gusaba, pale familia ya mume inapokwenda kuomba mke, ndiyo mtihani wa kazi hii mjini hapa. Wazee wawili, kila mmoja msemaji wa upande wake, hujibizana kwa mafumbo, vijembe na utani wa heshima mbele ya ukoo ulioketi pande mbili. Baadaye huja mghani wa ng'ombe, anayewasifu ng'ombe wa mahari kwa kasi ya mtu asiyehitaji kuvuta pumzi. Kamera moja iko upande wa wakwe, nyingine upande wa wenyeji, ya tatu imepandishwa juu nyuma ya viti. Maiki isiyo na waya inapita mkono kwa mkono na kuingia kwenye mikisa ya DJ. Mfukoni mwa koti la msemaji kimefichwa kinasa sauti kidogo, kwa usalama. Vyombo vitano, na kila kimoja kina saa yake ya ndani ambayo haijawahi kusalimiana na nyingine.

Bahati nzuri kuna miguu ya intore. Wachezaji hawa hufunga amayugi, njuga za kifundoni, na kisigino kinapogonga ardhi njuga zote hulia kwa mpigo mmoja. Vitabu vya uhariri hufundisha kutazama midomo, hasa kwenye herufi P na B ambapo midomo hufumba kabisa. Mhariri wa Kigali ana kitu bora zaidi, anatafuta kisigino. Kwenye mchoro wa mawimbi ya sauti pigo lile husimama wima, halikosekani. Na kwenye picha, ile fremu ambayo mguu umetua haina ubishi. Watengeneza filamu hubeba kibao cha kupiga kofi mbele ya kamera kabla ya kila onesho. Hapa ngoma na miguu hufanya kazi hiyo bila malipo.

Ila kuna mtego, nao uko kwenye kamera ya nyuma ya ukumbi. Mita 34 kutoka kwa wachezaji ni sehemu ya kumi ya sekunde, yaani fremu mbili na nusu. Maiki iliyomo ndani ya kamera ile imesikia ngoma kwa kuchelewa, kama sikio lolote ambalo lingekuwa pale. Sasa programu ya kuhariri inapolinganisha mawimbi ya sauti ya kamera na yale ya mikisa, huyaoanisha barabara na kukutangazia ushindi, kumbe imeivuta kamera nzima mbele kwa fremu mbili na nusu. Imeoanisha sauti na sauti, picha haikuulizwa. Ukumbini dosari hiyo hupita bila kuonekana. Katika uwanja wa Amahoro, uliopanuliwa na kufunguliwa upya mwaka 2024 kwa watu 45,000, kamera iliyo ng'ambo ya uwanja inaweza kuwa mita mia moja kutoka kwenye spika, na hizo ni fremu saba. Hapo kila mtu anaona. Na bado tamasha la filamu la Hillywood, lililoanza mwaka 2005, limepeleka filamu vijijini kwa skrini ya kujazwa hewa, watu wakikaa nyasini hadi mbali kabisa na spika. Aliyekaa mita 50 nyuma husikia kila neno kwa kuchelewa milisekunde kama 150, zaidi ya kiwango cha ITU. Sijasikia aliyelalamika. Anaiona skrini iko mbali, basi anaipa sauti muda wa kusafiri.

Mteja akileta malalamiko, asiye na uzoefu hukimbilia kusogeza. Mwenye uzoefu huuliza kwanza: imeanza lini? Kama tofauti iko vilevile tangu neno la kwanza hadi la mwisho, ni ya kusogeza tu na kazi imekwisha. Kama mwanzo ni safi na mwisho umeachana, na umeachana polepole, kuna saa mbili zinazogombana. Kama ilikuwa safi kwa dakika kadhaa, ikaruka ghafla, ikatulia, ikaruka tena, kuna fremu zimepotea njiani. Na kama kasoro iko kwenye kompyuta ya studio lakini haimo kwenye faili lililotolewa, kompyuta imechoka tu. Kuna na ile ya sebuleni kwa mteja ambayo huonekana pale tu anapowasha spika ya Bluetooth: spika za namna hiyo hushikilia sauti kidogo kabla ya kuitoa, sehemu ya kumi ya sekunde au hata mbili, na hakuna uhariri wowote utakaotibu hilo.

Hili la saa kugombana linastahili kukaliwa kidogo. Kila kamera na kila kinasa sauti hupima muda kwa fuwele ndogo ya kwatsi inayotetema, na hakuna fuwele mbili zinazotetema sawasawa. Kosa la sehemu ishirini katika milioni ni la kawaida kabisa katika vifaa vya bei ya watu. Katika saa moja ya kurekodi, kosa hilo ni milisekunde 72, karibu fremu mbili. Chombo kimoja kikikimbia kwa kiasi hicho na kingine kikajikokota kwa kiasi hicho, umefika 144. Ni wasafiri wawili walioondoka pamoja Nyabugogo kwa miguu, mmoja hatua yake fupi kwa upana wa unywele: mpaka daraja la Nyabarongo bado wanazungumza vizuri, lakini wakikaribia Muhanga mmoja anajibu swali ambalo mwenzake amekwisha kulisahau.

Ndiyo maana kofi moja halitoshi. Kofi la mwanzo linakwambia vyombo viwili vilianzia wapi. Haliwezi kukwambia vinakwendaje. Kwa mwendo unahitaji kofi la pili, mwishoni, kabla ya kamera kuzimwa. Unapima urefu kati ya makofi mawili kwenye kila chombo, na tofauti ya urefu huo ndiyo unayoinyoosha au kuibana. Ni hesabu ya darasa la sita. Ajabu ni jinsi wachache wanavyolikumbuka kofi hilo la pili. Sherehe ikifungwa watu wote wanaelekea kwenye chakula, mpiga picha akiwa miongoni mwa wa mbele, na baada ya kusimama saa sita na kamera begani ana haki yake.

Kigali ina sababu zake za kuwa na saa nyingi. Ni mji ambao baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 ulijazwa upya na watu waliorudi kutoka pande zote, Kampala, Bujumbura, Goma, Dar es Salaam, Brussels, Montreal, na mpaka leo likizo ikifika ndugu wa ng'ambo hushuka uwanja wa ndege wa Kanombe na kamera mpya. Iliyonunuliwa Ulaya hupiga fremu 25 kwa sekunde. Iliyonunuliwa Marekani au Kanada hupiga 29.97, na hesabu hiyo yenye mkia ina historia inayotuhusu. Mwaka 1953, Wamarekani walipoongeza rangi kwenye televisheni, mawimbi ya rangi yalielekea kuingiliana na mawimbi ya sauti hewani. Wakapunguza kasi ya picha kwa sehemu moja katika elfu ili viwili hivyo visikanyagane. Amani ikapatikana hewani na ugomvi ukahamia kwenye meza ya mhariri: ukiisoma 29.97 kama 30 kamili, saa moja ya picha hupungua sekunde 3.6, na kufikia mwisho wa saa hiyo vigelegele vya shangazi vinasikika midomo yake ikiwa imeshafumba. Kamera hiyohiyo ikiingia kwenye ukumbi wa taa za mirija, chini ya umeme wetu wa mizunguko 50, picha huanza kupwita, na wenye ukumbi hulaumiwa kwa taa zisizo na kosa.

Simu ni msumbufu mkubwa kuliko kamera zote hizo. Simu haina ahadi ya fremu ngapi kwa sekunde. Mwanga ukipungua au mwili wake ukipata joto hubadilisha hesabu katikati ya sentensi, kisha programu ya kuhariri inayodhani hesabu ni moja huachana nayo taratibu. Dawa ni kulibadilisha faili liwe la hesabu moja thabiti kabla ya kuligusa. Halafu kuna kamera zilizovuka mpaka wa Rusumo. Rwanda iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na mpiga picha anayetoka Kahama au Mwanza kuja kusaidia harusi ya ndugu hukumbuka kurekebisha saa ya mkononi, husahau ya kamera. Mafaili yakipangwa kwa saa zake, viapo vya kamera yake vinaangukia kwenye keki ya kamera ya wenyeji. Kosa la saa nzima ndilo rahisi kuliko yote, kwa sababu linajitangaza.

Makanisa nayo yaliingia katika shida hii kwa mkupuo mmoja, Machi 2020, ibada zilipofungwa kwa sababu ya korona na wahubiri wakahamia YouTube. Picha hutoka kwenye kamera, hupita kwenye kijiti cha USB cha kunasia, husagwa na kompyuta, na safari hiyo huchukua muda. Sauti hutoka kwenye mikisa na kuingia moja kwa moja. Matokeo yake ni lile kosa baya zaidi, sauti iliyotangulia. Tiba ni kuichelewesha sauti kwa milisekunde ulizopima mwenyewe, na kipimo ni mikono miwili mbele ya lenzi. Ukipita kanisani Jumamosi jioni ukamkuta kijana amesimama madhabahuni peke yake akipiga makofi, usidhani amepandwa na roho.

Kanda za zamani ni ulimwengu mwingine. Televisheni ya taifa ilianza Rwanda mwaka 1992, kwa hiyo kaseti za video za kabla ya hapo ni chache, nyingi zikiwa za watu binafsi, wamisionari na wageni. Zilizopigwa baada ya 1994 ni nyingi na za kila aina: VHS, Video8, Hi8, kisha MiniDV, za mfumo wa Ulaya na za mfumo wa Marekani, zikiwa zimechanganywa ndani ya boksi moja la viatu. Unyevu wa masika hupandisha ukungu mweupe kwenye ukanda, na ukungu huo ukifika kwenye vichwa vya deki hupitishwa kwa kaseti inayofuata. Wenye busara hutazama kila kaseti kwenye mwanga kabla ya kuichomeka.

Tatizo la VHS ni kwamba picha yake haisimami. Mistari yake huwahi na kuchelewa kidogokidogo kadiri ukanda unavyovutika, na televisheni ya zamani ilivumilia hilo, lakini kompyuta haivumilii. Ikiona mstari umechelewa hudhani picha imekatika, na fremu inatupwa. Kuna kifaa cha kati, kirekebisha muda, kinachopokea picha inayoyumba na kuitoa ikiwa imenyooka. Anayenasa kanda bila kifaa hicho anaweza kupoteza fremu bila kuambiwa. Sauti yenyewe haipotei. Inaendelea na safari yake, na kila fremu 25 zilizoanguka picha inakuwa mbele ya sauti kwa sekunde nzima. MiniDV ni ya kidijitali na ina nidhamu zaidi, ila kamera nyingi za nyumbani zilikuwa na chaguo la kurekodi sauti kwa sampuli 32,000 kwa sekunde badala ya 48,000, na mtu akibadilisha katikati ya ukanda, programu iliyoanza na hesabu moja hupotea njia. Saa moja ya MiniDV ni gigabaiti kama 13. Diski iliyojaa, au kompyuta iliyoachwa inapakua visasisho huku inanasa, hushindwa kumeza kwa wakati, na fremu huanguka tena. Ushauri wa mafundi ni mfupi: intaneti izimwe, diski iwe tupu, ukanda uzungushwe mbele na nyuma mara moja kabla ya kuanza, na mtu asiiguse kompyuta mpaka ukanda uishe.

Pamoja na ukali wote huo wa milisekunde, mji huu umependa kwa miaka mingi filamu ambazo sauti na midomo havina uhusiano wowote. Ni agasobanuye, filamu za Hollywood, India na Hong Kong zinazosimuliwa kwa Kinyarwanda na mtu mmoja mwenye maiki, anayewasemea mashujaa, majambazi na wapenzi wote kwa koo lake moja, huku akitia utani wa mtaani. Nkusi Thomas, aliyejulikana kwa jina la Yanga na aliyefariki mwaka 2022, alikuwa miongoni mwa waliolijenga jambo hili, na kizazi kizima kinakumbuka filamu kwa sauti yake kuliko kwa sura za waigizaji. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, Nairobi ina DJ Afro, Kampala ina ma-VJ wake. Mbona hapo hakuna anayeudhika midomo isipooana? Nadhani jicho hudai mapatano pale tu sauti inapodai kuwa imetoka kwenye mdomo ule. Yanga hakudai. Alikuwa jirani aliyekaa benchi moja nawe, akikuambia kinachoendelea. Kosa la milisekunde 100 linaudhi kwa sababu ni kosa la ukaribu. Uwe mbali kabisa, utasamehewa.

Sasa picha na sauti vikikataa kabisa kwenda pamoja, nani amfuate mwenzake? Hapa nina msimamo: picha imfuate sauti. Sikio ni kali. Kata kipande cha sehemu ya ishirini na tano ya sekunde katikati ya neno, msikilizaji atashtuka. Rudia fremu moja au iondoe, mtazamaji haoni. Programu nyingi za kuchezea video zenyewe zimeundwa hivyo, saa ya sauti ndiyo kiongozi na picha inakimbizana nayo, ikiruka fremu hapa na kuirudia pale. Katika harusi jambo hili halina uchungu. Penye pengo unaweka maua, uso wa bibi anayecheka, mikono ya watoto kwenye soda, na maneno ya msemaji yanaendelea chini yake bila kukatika.

Katika ushuhuda siyo hivyo. Kumbukumbu ya Gisozi ilifunguliwa mwaka 2004 na hifadhi yake ya nyaraka za mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 2010, ikiwa na video za manusura wakisimulia. Mahakama za gacaca, zilizofungwa rasmi Juni 2012 baada ya kusikiliza kesi karibu milioni mbili zinazohusu mauaji hayo, ziliacha makaratasi kwa mamilioni pamoja na kanda za sauti na video. Kituo cha Iriba, kilichoanzishwa Kigali na Assumpta Mugiraneza pamoja na mtengeneza filamu Anne Aghion, kimekuwa kikikusanya picha na sauti za zamani ili Wanyarwanda wazione wenyewe. Katika kanda za namna hii ukimya wa msemaji ni sehemu ya kauli yake. Programu za siku hizi zina kitufe cha kufuta ukimya. Mtu anayekibonyeza juu ya ushuhuda amefuta kitu ambacho shahidi alikisema. Na pale ukanda ulipopoteza fremu, pengo liachwe jeusi, sauti iendelee, na iandikwe pembeni kwamba hapa picha haipo. Filamu nyingi kuhusu Rwanda hufanya kinyume. Penye mkato huwekwa ukungu wa asubuhi juu ya vilima, picha nzuri isiyo na kosa, na mtazamaji hajui kwamba chini ya ukungu ule sentensi mbili zimeunganishwa ambazo shahidi hakuziunganisha.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna programu inayoweza kulitibu. Aprili 1994 Nick Hughes, mpiga picha Mwingereza, alisimama juu ya jengo la Shule ya Kifaransa mjini Kigali akaelekeza lenzi ng'ambo ya bonde, na akarekodi watu wakiuawa barabarani. Ni miongoni mwa picha chache sana zilizopo za mauaji yenyewe. Zilifika Arusha, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, zikawa kielelezo nambari 467. Lenzi ndefu huleta karibu kilicho mbali. Maiki haina lenzi. Popote picha ya namna hiyo inapopigwa, sauti inayoingia kwenye ukanda ni ya pale aliposimama mpiga picha, na ya kule anakoangalia imebaki kule. Jicho limevuka bonde, sikio halikuvuka. Filamu zinazoitumia picha hiyo mara nyingine huitilia muziki, na sioni kwamba zina haki hiyo.

Redio ya RTLM, iliyochochea mauaji hayo, iko upande wa pili. Ilitangaza kuanzia Julai 1993 mpaka Julai 1994, na kanda zake zikawa ushahidi mkubwa katika kesi ya vyombo vya habari iliyohukumiwa Arusha tarehe 3 Desemba 2003. Ni sauti isiyo na picha. Kaseti haijui ilirekodiwa siku gani; lazima mtu asikilize, asubiri mtangazaji ataje jambo linalojulikana tarehe yake, kisha ajenge kalenda kutokea hapo. Hilo ndilo kofi la kwanza. Mhariri yeyote anajua kwamba penye kofi moja tu unaweza kujua mahali pa kuanzia na bado ukakosea mwendo, kwa hiyo jambo la pili lenye tarehe linatafutwa kwenye ukanda uleule, mbali kadiri inavyowezekana na la kwanza. Picha tulizonazo na sauti tulizonazo hazikutoka kwenye chombo kimoja, na mara nyingi hazikuwa mahali pamoja. Anayeziweka pamoja kwenye skrini, sauti ya redio juu ya picha ya barabara, ametengeneza mapatano ambayo hayakuwapo, hata kama kila kipande peke yake ni kweli. Angalau tarehe mbili ziandikwe, ya picha na ya sauti.

Muda wenyewe ni mfupi. Funai ya Japani, kiwanda cha mwisho kutengeneza deki za VHS, kilisimamisha kazi hiyo Julai 2016. Mwaka mmoja kabla yake, hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilikuwa imeonya kwamba kanda ambazo hazitanaswa kufikia 2025 nyingi zitapotea, na mwaka huo umeshafika. Vichwa vya deki huisha kwa kutumika, na kila unapocheza ukanda ili uone kilichomo unavila kidogo. Kwa hiyo nadhani ule mtindo wa kutazama kwanza, kuchambua, halafu ndipo unase, umepitwa na wakati. Ukanda ukiingia kwenye deki, kompyuta iwe inanasa tayari. Nakala ghafi ibaki kama ilivyotoka, na sauti yake iliyoachana na picha, kando ya ile iliyorekebishwa. Atakayekuja na zana bora kuliko zetu ataihitaji ile ghafi. Anayeanza leo mjini hapa aanze na Hi8 na MiniDV. Kamera za kuzichezea zina mitambo midogo isiyotengenezeka, na vipuri vyake ni kamera nyingine zilizokufa. VHS inaweza kusubiri kidogo, maana deki zake bado hupatikana kwenye mitumba.